Tulichomficha Daktari

Dada yangu aliungua akiwa na miaka minne. Chungu cha uji wa pombe ya ulezi kilimpindukia, likabaki kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, limekunjamana na kuvuta pembe ya mdomo. Alikua nalo pale kijijini kwetu Mollo bila kulizungumzia sana. Lakini alipochumbiwa, na uchumba ukatangazwa kanisani, watu waligeuka kumtazama, naye akazoea kujifunika shavu kwa kitenge.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imeachiwa huru. Maduka ya Sumbawanga niliyoyajua kwa rafu tupu yalijaa vitu, na akina mama wa Kasanga walileta krimu za kung'arisha ngozi zilizovuka ziwa kutoka Kongo. Dada alichanganya tatu kwenye kopo moja, akawa anajipaka asubuhi na jioni kwa miezi. Kovu halikwenda popote. Kilichobadilika ni ngozi iliyolizunguka: ikawa nyeupe, laini, hata mishipa ikaonekana. Mimi, mjinga, niliona kapendeza.

Ndipo tukasikia kuwa daktari wa kurekebisha makovu atakuwa hospitali ya misheni kwa wiki moja. Muuguzi alimpa dada masharti: aoge kwa sabuni, akate kucha, asile wala kunywa chochote tangu usiku, na amweleze daktari kila anachomeza na kila anachojipaka, hata dawa za kienyeji. Aliyatimiza yote isipokuwa hilo la mwisho. Mama mmoja aliyetutangulia kwenye foleni alikuwa ametaja krimu zake, akaambiwa aziache kwanza, arudi safari nyingine ya daktari, baada ya miezi sita. Ndoa ya dada ilikuwa imebakiza wiki tano.

Daktari alimshika shavu, akalivuta kidogo kwa kidole gumba, akauliza anapaka nini. Dada akajibu mafuta ya mgando tu. Daktari hakuridhika. Akanigeukia mimi niliyekuja kumuuguza, akaniuliza kama ni kweli.

Kwetu mdogo hamkanushi mkubwa wake mbele ya mgeni. Nililelewa hivyo, na nilijivunia malezi yangu.

"Ndiyo, daktari," nikasema. "Mafuta ya mgando."

Walilikata kovu na kuishona ngozi. Siku ya sita nyuzi zikaanza kuchana ile ngozi iliyokondeshwa na krimu, kidonda kikafumuka, kikatunga usaha. Daktari alikuwa ameshaondoka. Tulikaa wodini wiki saba. Ndoa iliahirishwa, halafu hakuna aliyeitaja tena. Kovu jipya likawa pana kuliko la kwanza, likavuta kope ya chini, na jicho halifungi sawasawa mpaka leo.

Kwa miaka nilijitetea moyoni kwamba nilimtii dada tu. Nilimkasirikia hata yeye, na naona haya kulisema. Mchana mmoja tulikuwa uani tunapeta ulezi, makapi yanamwingia kwenye lile jicho, machozi yanamtoka na yeye hayafuti. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia nilimdanganya daktari siku ile kwa kumheshimu yeye, mkubwa wangu.

Hakuacha kupeta.

"Ungesema, mdogo wangu," akanijibu. "Ningekununia mwezi mmoja, labda miwili, basi."