Wakili Wetu wa Mafahali

Jumamosi iliyopita tulimzika jirani yangu wa hapa mtaani Shirere, kijijini kwao upande wa Shinyalu. Aliuawa na nimonia. Naanza na ugonjwa kwa sababu tangu habari zitoke nimekutana na watu wengi wanaotamani awe ameuawa na fahali. Mwendesha boda aliyenipeleka matangani aliniapia kwamba pembe ilipenya ubavuni. Mwalimu mmoja hapa mjini aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala, "Unaona sasa? Aliacha sheria akafuata ng'ombe." Hapana. Alikohoa, akapuuza, akachelewa kwenda hospitali, akafa kitandani kama ambavyo angeweza kufa jaji. Kifo chake hakithibitishi chochote, ingawa najua hilo linawanyima wengi mahubiri mazuri.

Alisomea sheria Nairobi, katika mojawapo ya vyuo vile vya kibinafsi ambavyo hata nyasi zake huonekana zimelipiwa karo. Alipopata nafasi, ukoo mzima uliitisha mchango, baba yake akauza kipande cha shamba, na mkopo wa serikali ukaongezwa juu yake. Bado haikutosha. Alimaliza mitihani yote, lakini chuo kikazuia cheti mpaka salio liishe. Bila cheti huwezi kuendelea na mafunzo ya uwakili, bila uwakili hupati pesa, na bila pesa hakuna cheti. Nimelizunguka duara hilo mara nyingi nikitafuta mlango na sijauona. Akarudi nyumbani kungoja. Akiwa anangoja, mjomba wake mmoja aliyekuwa na fahali wa kupigana akamwomba amsaidie kumtembeza asubuhi. Baada ya miaka michache, wenye mafahali wa mjini, wafanyabiashara na maafisa wasiotaka kukanyaga kinyesi, walikuwa wakimlipa awalishe, awaogeshe na kuwaandaa kwa mapigano. Kila alfajiri alitoka Shirere, alikokuwa amehamia na kupanga chumba, kwa baiskeli, akipita kwenye vyumba vya wanafunzi wa chuo cha hapa mjini ambao walikuwa bado wamelala na mikopo yao.

Nilimfuata uwanjani mara moja tu. Ngoma za isukuti zilikuwa zinalia, watu wamepanda miti na kingo za barabara, naye anatembea pembeni ya fahali mweusi akimnong'oneza. Wazee walikuwa wamemngoja.

"Wakili! Leo mteja wako anakana mashtaka?"

"Anakana yote, mzee wangu."

"Na mashahidi?"

Wakati huohuo fahali wa upande wa pili akageuza shingo na kukimbia, umati ukafunguka kumpisha. "Shahidi ndiye huyo anaondoka," akajibu, na wazee wakacheka hadi mmoja akaketi chini. Jioni, tukirudi, nilimuuliza kama kweli ni lazima fahali atengwe na majike kabla ya pambano. "Lazima," akasema. "Mimi na yeye tunaishi kama waseminari. Tofauti ni kwamba yeye hajui anachokosa."

Nilitaka kumwandika gazetini siku zile. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari, kitu kuhusu kijana aliyethubutu kufuata moyo wake. Alinikatiza. "Msee, usiniandike hivyo. Moyo gani? Mimi nilishindwa karo. Ng'ombe nimekuja kuwapenda baadaye, na hata sasa kuna asubuhi nawachukia." Jibu hilo lilinisumbua, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuchagua kati ya hadithi mbili: ya shahada inayookoa na ya shahada isiyo na maana. Yeye hakukaa katika yoyote. Aliipenda sheria. Alikuwa hodari kwa mafahali. Na alikuwa na deni.

Deni hasa lililomkosesha raha halikuwa la chuo wala la serikali. Hayo yana ofisi, yana salio, na siku moja, hata ukiwa na mvi, yanaweza kuisha. Aliogopa la mchango. Kwao hakupita sokoni. Alizunguka njia ya mtoni asikutane na akina mama waliomchangia. Kanisani hakuenda. Nilimuuliza kwa nini asiwarudishie kidogokidogo. "Niwarudishie nini? Wao walitoa pesa wapate wakili. Nikimpa mtu pesa zake, wakili wake yuko wapi?" Mchango hauna risiti, kwa hiyo hauna siku ya kumalizika. Baba yake naye aliulinda kwa njia yake: alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe ana ofisi Nairobi na huja tu wikendi. Kila mtu alijua, na kila mtu alimsaidia yule mzee kutojua kwamba wanajua.

Hapo ndipo matanga yalipokwama. Juu ya jeneza kulikuwa na picha yake amevaa joho la kukodi la studio. Langoni walisimama watunza mafahali wenzake na mafahali watatu, wakitaka kuingia wawazungushe kwenye jeneza la mwenzao kama wanavyozungushiwa wazee wenye heshima. Wajomba wakakataa. Huyu ni kijana, hana mke, hana boma. Mmoja akaongeza kwa ukali, "Na isitoshe, marehemu alikuwa wakili. Wakili na ng'ombe wapi na wapi?" Macho yote yakamgeukia baba. Akiruhusu mafahali, amekiri mbele ya wachangaji wote kwamba pesa zao na shamba lake vilizaa mchunga ng'ombe. Akikataa, anamzika mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Alichukua maikrofoni. "Nilikuwanga nawaambia yuko Nairobi. Hakuwa Nairobi. Alikuwa hapa. Alikuwa akilisha mafahali wa watu, na hiyo ndiyo kazi yake. Nyinyi mlichanga, na wakili sikuwaletea. Mnisamehe."

Kisha mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akasema bila kusimama, kwa sauti ya kuudhika kabisa, "Kwani sisi hatukujuanga? Mimi nilitoa ingokho yangu, kuku wa kutaga. Nilimpa mtoto. Sikumpa wakili. Nani alisema nilikuwa nanunua wakili?" Na mwingine nyuma yake: "Hata mimi. Wacha ng'ombe waingie, jua linapanda."

Wakaingia. Watu walilia, na wengi wameniambia tangu hapo kwamba yalikuwa mazishi mazuri. Mimi nilirudi Shirere nimekasirika na bado nimekasirika. Yule mama alikuwa na maneno hayo miaka yote. Nyumba yake iko karibu na soko ambalo jirani yangu alilikwepa. Kama angemwambia hata mara moja, pengine kijana angepita sokoni, angeingia kanisani, angekohoa mbele ya mtu ambaye angemfukuza aende hospitali. Labda. Sijui, na sitaki kuwa kama yule mwalimu.

Lakini msimu wa barua za vyuo umefika tena, na ndoo za michango zinazunguka kila Jumapili. Vyuo vitadai chao. Havijawahi kuwa na haya. Sisi tunaochanga ndio tunaoweza kusema tofauti. Mtoto anaposimamishwa mbele ya watu kushukuru, na mshereheshaji anapomwita daktari au wakili kabla hajafungua daftari, mtu mmoja ashike maikrofoni. Kama tunachotoa ni mkopo, tuandike riba na muda wa kulipa, ajue anadaiwa nini. Kama ni zawadi, tumwambie ni zawadi, kwamba imekwisha, kwamba hatungoji kitu. Tumwambie yeye, akiwa bado anatusikia.