Swali Alilolizima Maimunah

Pale Kibuli, chini kidogo ya msikiti, Maimunah binti wa Kinubi ana duka la kuchapa na kusafisha picha, na wake wa polisi wa kambi ya jirani humwachia picha zao kwenye kompyuta yake. Simu huibwa, watoto huzitumbukiza majini. Kwa Maimunah picha hukaa. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa, tusifichane.

Kompyuta yake ilikuwa na tabia moja. Faili lolote likitaka kuingia kutoka mtandaoni, kivinjari kiliuliza kwanza: lipokelewe au lisipokelewe? Maimunah alikiona kama mama mkwe mwenye maswali mengi. Ijumaa moja wateja walipokuwa wakilalamika kuwa watachelewa swala, alilizima swali lile. "Sasa vitu vinaingia vyenyewe!" akajitapa.

Viliingia kweli. Alipokuwa akipakua mapambo ya kadi za harusi, ukurasa mmoja ulidondosha faili lake kimyakimya katikati ya mapambo, lenye jina kama la wenzake. Hakuulizwa, basi hakujua kuwa lile hakuliomba. Akalifungua pamoja na mengine. Muda si mrefu kila picha ilikuwa imefungwa, haifunguki, na fundi aliyeitwa alitikisa kichwa tu.

Humo mlikuwa na picha zote za Okidi, konstebo aliyefariki mwaka jana. Mjane wake, Joska, alikuja zichapwe, azipeleke Kitgum, kwao marehemu, kwenye shughuli ya kumaliza msiba.

"Dada, ni umeme," Maimunah akasema, macho sakafuni. "Umeme ulirukaruka, ukaunguza kila kitu."

Joska akalia. Kisha, jamani, akamshika yeye mkono. "Pole, dada. Hata wewe umepoteza."

Pole ile ilimchoma Maimunah kuliko tusi. Aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze, na bado akauacha uongo wake usimame.

Kesho yake Joska alirudi. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kapicha ka kitambulisho, uso wa Okidi umefifia.

"Hii tu ndo imebaki. Toa kubwa, halafu weka kwa kompyuta yako, isipotee."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Maimunah iliishia hapo hapo mezani. "Usiniachie kitu tena, dada. Si umeme. Kompyuta ilikuwa inauliza kabla ya kupokea kitu, mimi nikaizuia kuuliza. Mwizi aliingia, na mimi ndo nilimfungulia mlango. Halafu jana nikakudanganya."

Joska hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikafuta kale kapicha kwa kidole gumba, akakarudisha kwenye kitenge, akakaza fundo.

"Jana wanawake wa kambini walisema wewe ni mzembe," akasema. "Mimi nikakutetea. Nikaapa ni umeme. Niliapa kwa jina la Okidi."