Metui na Ngozi za Bomba

Mimi Evarista ni mtu wa hasira, na sioni sababu ya kulificha hilo. Siku chama cha wafanyakazi kilipokuja kufungua tawi katika ofisi yetu ya mji, Karatu, mwanzoni mwa mwaka 1985, niliinua mkono kupinga. Tulikuwa thelathini na wanne: sisi wafagiaji wa soko, watu wa machinjio, wachimba mitaro na watu wa bomba la maji. Tulikuwa na umoja wetu wenyewe tayari. Mmoja wetu akifiwa tulibeba unga, sukari na kuni, wanaume wakachimba kaburi, sisi tukapika. Nikasimama nikasema chama hicho, JUWATA, ni jambo la watu wa viwandani huko Dar es Salaam na Tanga, na kwamba bwana aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka hawezi kujua mtaro wa soko letu unaziba upande gani. Watu wakacheka, wakanipigia makofi, kisha wakapiga kura wakanishinda. Na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, wakanichagua mimi hapohapo kuwa katibu wa tawi. Nilipokea kalamu huku nimenuna.

Wa kwanza kuweka dole gumba kwenye fomu alikuwa Metui Ngoitiko, mtu wa bomba.

Metui alikuja kutoka Loliondo baada ya ukame wa mwaka sabini na nne kumaliza ng'ombe wake wote. Alifika na mkewe Nanyori, binti yao mdogo Nasha, shuka mbili na fimbo. Wamasai wenzake waliopita mnadani walimwangalia kwa huruma ambayo haimsaidii mtu, maana mwanamume asiye na ng'ombe kwao ni kama mtu aliyekosa jina. Hakwenda kuomba kwa yeyote. Saba Saba ya mwaka 1976, siku bomba la kutoka chemchemi za msitu wa Ngorongoro lilipofunguliwa, aliajiriwa kutembea kando yake, kutoka kwenye chanzo mpaka kwenye tangi la mjini, na kurudi. Kazi hiyo aliifanya kila siku, mvua au jua, kwa miaka tisa.

Bomba lile lilikuwa na adui, na adui mwenyewe ni tembo. Tembo husikia maji yakipita ndani ya chuma, akalifukua na kulikanyaga mpaka linaachia kwenye maungio. Tangu mwanzo vipuri vya ofisi vilikuwa haba. Baadaye, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, hata msumari ulikuwa hadithi. Lakini Metui alikuwa amebuni dawa yake tangu siku za kwanza. Alikuwa akienda machinjioni kuomba ukanda wa ngozi mbichi. Alitanguliza kipande cha mpira wa tairi juu ya ungio linalovuja, akaufunga ukanda ungali umelowa, akaukaza kwa meno na goti, akapaka lami pembeni. Ngozi ikikauka hujivuta ikabana kuliko koleo. Juu yake alirundika mawe ili fisi wasiile. Mji mzima ulikunywa maji yaliyopita chini ya ngozi za Metui, mimi nikiwemo, na hakuna aliyeuliza.

Sasa niseme habari ya kadi, kwa sababu ndiyo iliyotaka kummaliza. Msimamizi wetu, jina lake nitalihifadhi kwa ajili ya watoto wake, alikuwa na utaratibu mmoja. Wengi wetu alituandikia kadi za kibarua za miezi mitatu. Mwezi wa nne ukifika, kadi inakwisha, unaambiwa ukae nyumbani siku moja, kesho yake unaandikiwa kadi mpya. Ya zamani inatiwa motoni. Hivyo mtu aliyefanya kazi miaka tisa alikuwa, kwa karatasi, ameanza juzi. Tulilijua jambo hilo, tukalizoea, na hilo la kulizoea ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mwezi wa sita mwaka huohuo tembo walilifukua bomba chini kidogo ya msitu. Metui alikuwa akilinyanyua kwa mtaimbo ili alirudishe kwenye mfereji wake, mawe yakateleza, chuma kikamwangukia mguuni. Wakata majani waliomkuta walimbeba kwenye machela ya miti mpaka barabarani. Mfupa ulikuwa umevunjika mara mbili. Hospitali walimfunga plasta wakasema mguu huo hautatembea milima tena, na kwamba atahitaji matibabu kwa muda mrefu.

Nanyori alikwenda ofisini kuulizia. Msimamizi akafungua daftari, akamwonyesha kwamba kadi ya Metui ilikwisha siku mbili kabla ya ajali. Akamwambia kwamba mumewe hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote siku ile, na kama alikwenda kulishika bomba, alikwenda kwa mapenzi yake. Kwenye nafasi ile angewekwa mtu mwingine mwisho wa mwezi. Nanyori alinikuta sokoni nikiwa na ufagio mkononi, akanieleza yote bila kulia. Nililia mimi, kwa hasira.

Umoja wetu ulifanya ulichoweza. Tukapeleka unga, sukari na kuni, kama kwenye msiba. Nikaukuta mguu wa Metui umeegemezwa kwenye kigoda, mwenyewe anatazama unga ule tulioupanga kando ya ukuta, na niliona haya kwelikweli. Tulikuwa tumejifunza vizuri kumzika mtu, lakini aliye hai hatukujua tumfanyie nini. Aliniuliza kwa upole chama kile alichowekea dole kilikuwa na kazi gani.

Niliandika barua siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata akaja Ndugu Qamara, katibu wa chama hicho wa wilaya, juu ya lori la ngano kwa sababu dizeli ya gari lake haikuwepo. Alikuwa mwembamba, ana kikohozi, na koti lake limejaa makapi ya ngano. Nilimdharau kwa muda wa dakika kumi. Kisha akaomba daftari, akasoma, akaniuliza maswali ambayo mimi mtu wa pale sikuwahi kujiuliza. Alisema sheria haitazami kadi, hutazama kazi. Mtu akifanya kazi ileile, mahali palepale, mwaka hadi mwaka, huyo ni mwajiriwa hata kama kadi zake zinachomwa kila siku. Alishapeleka shauri kama hilo mbele ya baraza la usuluhishi kwa ajili ya watu wa shambani, na wanasheria wa chama huko juu walimwandikia namna ya kulisema. Kumbe yule bwana wa kiti cha kuzunguka alikuwa na manufaa. Ila kulikuwa na tatizo moja: lazima tuonyeshe kwamba Metui alikuwepo kazini miaka yote hiyo, na kadi zote zilikuwa majivu.

Baraza likakaa mwezi wa nane, watu watatu mbele ya meza, mwenyekiti akiwa mzee mnene aliyevaa suti ya Kaunda. Metui aliingia kwa magongo. Akaulizwa alianza kazi lini. Akajibu kwamba alianza siku ya fahali mweusi mwenye tumbo jeupe. Akaulizwa amefanya kazi miaka mingapi mfululizo. Akaanza kutaja ng'ombe: yule wa kijivu, yule wa madoa, yule mwekundu wa pembe moja. Msimamizi akacheka mpaka akajishika mbavu, akasema mnaona wenyewe, ndugu wajumbe, mtu huyu anaota ng'ombe aliofiwa nao. Hata mwenyekiti alianza kukunja uso. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Qamara hakucheka. Aliinama akamwuliza Metui polepole ng'ombe hao wako wapi. Metui akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi mtoni.

"Wako kwenye bomba," akasema. "Kila penye ugonjwa nilifunga ngozi. Mimi sijui tarehe, lakini ng'ombe ninamjua. Twendeni mkawaone."

Msimamizi akapinga, akasema baraza halina muda wa kupanda mlima. Qamara akasimama, akatoa karatasi yenye muhuri wa chama, akasema chama cha taifa kinaomba rasmi ushahidi ukaonekane mahali ulipo, na ombi likikataliwa liandikwe kwamba limekataliwa na sababu zake zitajwe. Kama ningesema mimi maneno hayo ningefukuzwa nje. Mwenyekiti aliutazama ule muhuri, akavaa kofia yake.

Tulikwenda asubuhi ya pili yake. Metui alipandishwa punda, nasi nyuma yake kwa miguu, wajumbe, Msimamizi, Qamara na kikohozi chake, na nusu ya wafagiaji wa soko ambao hakuna aliyewaita. Kwenye rundo la kwanza la mawe Metui alisema tufunue. Tukaona ngozi, manyoya yamebaki katikati, ya kijivu. Alisema ni ya ng'ombe wa sherehe ya askari waliorudi kutoka vita vya Kagera. Mjumbe mmoja wa baraza alikuwa mmoja wa askari wale, akasema ni kweli, ng'ombe alikuwa wa kijivu, na akakumbuka hata aliyemtoa. Qamara akaandika mwaka. Tukapanda.

Rundo la tatu lilikuwa la ngozi ya madoa, ya ng'ombe wa sherehe za kuzaliwa kwa Chama Cha Mapinduzi, Februari sabini na saba. Hiyo nusu ya mji iliikumbuka. Kila rundo lilikuwa na siku yake, na kila siku ilikuwa na watu waliokula nyama ile. Wamasai hawahesabu mifugo yao kwa namba, wanaijua kwa rangi na alama, na Metui aliihifadhi miaka yake yote kwa njia hiyohiyo bila kujua kwamba siku moja ataulizwa. Nilikuwa nimeanza kutembea kwa majivuno kana kwamba ngozi zile nilizifunga mimi.

Msimamizi alikuwa ametota jasho. Kwenye rundo la tano akasema mtu yeyote anaweza kufunga ngozi, na hakuna ajuaye kama aliyezifunga ni huyu. Metui aliomba ateremshwe kwenye punda. Akasimama kwa magongo yake, akamwonyesha ngozi nyekundu yenye alama ya moto ya mwenye ng'ombe.

"Huyu ni fahali mwekundu wa pembe moja," alisema. "Alichinjwa mwaka wa sabini na nane, siku ulipokaribishwa wewe hapa mjini. Bomba lilipasuka jioni yake, ukaniita, ukanishikia taa yako nikafunga. Ulinipa mkono ukaniambia Metui, wewe ndiye mfanyakazi wangu wa kwanza."

Mwenyekiti alimgeukia Msimamizi, akamwuliza kama maneno hayo ni ya kweli, na akamkumbusha kwamba ameapa. Msimamizi aliitazama ngozi, akatutazama sisi wafagiaji, ambao wengi wetu tulipika pilau ya siku ile, akasema ni kweli. Juu zaidi, karibu na chanzo, tulimkuta fahali mweusi mwenye tumbo jeupe, fahali wa Saba Saba ya mwaka 1976. Ngozi imekakamaa kama ubao, na hata tone moja halikuwa likipita.

Uamuzi ulisomwa wiki moja baadaye ukumbini, milango wazi, watu wamejaa mpaka barabarani. Metui Ngoitiko ni mwajiriwa wa kudumu tangu Julai 1976. Matibabu ya mguu wake ni juu ya ofisi mpaka apone. Arudishwe kazini kuwa fundi na msimamizi wa njia ya bomba, akae kwenye tangi, na wawili watembee kwa maelekezo yake. Kadi za miezi mitatu zikome kwa wafanyakazi wote wa mji, na majina yote thelathini na manne yaandikwe katika daftari la kudumu. Qamara alikuwa ameliomba hilo la mwisho kwa niaba ya tawi bila kuniambia mimi katibu. Nilimsamehe palepale. Nanyori na wanawake wenziwe wa Kimasai walikuwa nje wameshaanza kuimba, na wafagiaji wangu wa Kiiraqw, wenyeji wa Karatu, wakaingilia kwa wimbo wao wenyewe, nyimbo mbili kwa pamoja, kelele tupu, tamu ajabu.

Metui peke yake hakusogea. Aliniita nikae karibu yake, akaniomba nimwulize mwenyekiti jambo moja, maana hakutaka kukosea Kiswahili mbele za watu. Nikamwambia aulize mwenyewe. Akajiinua kwa magongo.

"Mzee mwenyekiti," alisema, "mwezi wa nne ukifika, sitakaa nyumbani ile siku moja?"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta. Kisha akamjibu kwa sauti ya chini.

"Hapana, Ndugu Metui. Mwezi wa nne utakwenda kazini."

Metui akaketi, akauweka mguu wake wa plasta vizuri mbele yake, akaanza kucheka, na mimi mtu wa hasira nikalia mbele ya Msimamizi na sikuona haya hata kidogo.