Stumai na Pampu Isiyowaka

Nyuma ya soko la Karatu kuna chumba chenye mlango wa bati ambamo Stumai hutengeneza kompyuta. Ana umri wa miaka thelathini na minane. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa katika shamba moja kubwa, wakaishi kwenye nyumba za vibarua mpaka walipofariki, na katika maisha yao yote hawakumiliki hata mbuzi mmoja. Ufundi aliupata kwa mzee Leonce, aliyekuwa akihudumia mitambo ya loji za watalii. Leonce alifundisha kwa ukali. Kila Stumai alipokimbilia bisibisi, alimwuliza, "Umeshajua tatizo lina haraka kiasi gani? Kama hujui, weka chini." Stumai alilishika somo hilo, na ndilo lililomfanya aulize swali ambalo anatamani angeliuliza kwa namna nyingine.

Ilikuwa Oktoba, kiangazi kimekaza. Alifika kwake Dickson, katibu wa kamati ya maji ya kitongoji kimoja cha wafugaji kilicho mbele ya Baray, kuelekea Ziwa Eyasi. Mkononi alishika kitu kidogo kilichofungwa kwa kipande cha shuka.

"Dada, mgonjwa wangu huyu," alisema. "Hapumui tangu Alhamisi."

Ndani ya shuka kulikuwa na diski. Ilitoka katika kompyuta ndogo inayoendesha pampu ya kisima kirefu cha kitongoji. Pampu hutumia umeme wa jua. Kompyuta ndiyo huiwasha, hupima kina cha maji, na huizima maji yanaposhuka ili isizunguke kavu ikaungua. Kampuni iliyofunga mtambo huo ilikwisha kufunga ofisi, na simu yake ilikuwa haipokelewi.

"Na mwili wake umeuacha wapi?" Stumai aliuliza.

"Umejengewa kwenye zege, dada. Labda ningekuja na nyumba nzima kichwani."

Stumai alifanikiwa kuyaokoa yaliyokuwa katika diski ile. Aliyanakili kwenye diski mpya ya kuchomeka kwa USB, kwa kuwa ile aina ya zamani haiuzwi tena Karatu. Jumatatu asubuhi alimpakia Dickson kwenye pikipiki yake, wakateremka Baray katika vumbi linalofika magotini.

Kibanda cha pampu kilikuwa kando ya tangi na mabirika ya kunyweshea. Stumai alichomeka diski, akawasha. Maandishi yalipanda kwenye kioo kidogo, yakasimama. Alizima, akawasha tena. Yakasimama palepale.

"Inasemaje?" Dickson aliuliza.

"Inasema haioni diski."

"Si hiyo hapo? Hata mimi naiona!"

Stumai alichuchumaa akamweleza. Kompyuta inapoamka, alisema, haijui chochote. Kwanza inafungua kifurushi kidogo cha programu kilichohifadhiwa kwenye ubao wake, chenye kazi moja tu ya kuitafuta diski na kuifungua. Programu nyingine zote, pamoja na ile ya kuendesha pampu, zimo ndani ya diski. Waliotengeneza mtambo walitia katika kifurushi draiva, yaani programu ya kuitambua diski, ya aina ile ya zamani peke yake. Diski mpya haikuwa na draiva, kwa hiyo kompyuta ilikuwa imesimama mlangoni bila ufunguo.

"Basi mwekee hiyo draiva twende nyumbani."

"Haipo kwenye mfumo wao kabisa. Lazima niitengeneze, ilingane na mfumo huu bila kupishana hata kidogo, ndipo niitie kwenye kifurushi. Nahitaji mtandao. Hapa nimepanda hata juu ya tangi, simu haishiki."

Kulikuwa na njia nyingine. Angeweza kuunganisha waya za pampu moja kwa moja, bila kompyuta. Maji yangetoka saa ileile. Lakini hakuna aliyejua maji ya kisima yameshuka kiasi gani kiangazi kile, na pampu ikizunguka kavu huungua. Nyingine ingechukua wiki nyingi kufika. Stumai alipima tangi kwa ufito. Zilibaki kama lita elfu kumi na tano.

Mzee Loserian, mwenyekiti wa kamati, alikuja kutoka bomani kwake akiegemea fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Imeamka?"

"Bado, mzee."

"Basi ni mvivu kuliko Dickson." Alicheka, na Dickson akacheka zaidi yake.

Hapo ndipo Stumai alipouliza. "Mzee, wanaokunywa hapa ni ng'ombe wangapi?"

Loserian aliacha kucheka. Alitazama mabirika, akatema mate pembeni taratibu. "Wapo," alisema.

"Ndiyo, mzee, lakini kama wangapi? Nataka kujua maji haya yatatosha mpaka lini."

"Wapo tu, binti yangu. Mungu ametubakizia."

Stumai alimgeukia Dickson. "Wewe ni katibu. Huna orodha?"

"Ya watu ninayo," Dickson alijibu akiangalia viatu vyake. "Ng'ombe ni wa kawaida tu, dada. Wa kawaida."

Kwa Wamasai wa rika la Loserian, kumtaja ng'ombe kwa namba ni kumwitia balaa, na Dickson, pamoja na kidato chake cha nne, asingeitamka namba hiyo mbele ya mzee. Mtoto yeyote wa mfugaji angeelewa kwamba swali limekosewa, akalizungushia mbali. Stumai alilichukua kuwa jibu la watu wenye mifugo michache wanaoona haya kusema. Alitazama mabirikani. Ng'ombe waliokuwa wakinywa walikaribia mia moja. Alipiga hesabu: lita arobaini kila mmoja, pamoja na ndoo za nyumbani, siku tatu. Hakujua kwamba katika kiangazi kile mifugo ilinyweshwa kwa zamu, hawa leo na wengine kesho, wala kwamba ndugu wa Loserian walikuwa wameshuka kutoka Ngorongoro na makundi yao.

"Jumatano nitarudi," alisema. "Maji yatatosha."

Loserian alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa. Kama fundi amesema yatatosha, nani mwingine angejua?

Jumanne nzima Stumai alikaa chumbani kwake Karatu. Alipakua msimbo wa toleo la zamani la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ile ya pampu, akatengeneza draiva, akaijaribu kwenye kompyuta yake kwa nakala ya kifurushi aliyoichukua kibandani. Mfumo uliikataa. Toleo lilipishana kwa tarakimu moja ya mwisho. Alianza upya. Ukakataa tena, kwa sababu draiva ile ilitegemea nyingine ambayo nayo haikuwemo. Alizitia zote mbili, akapanga ipi itangulie, akakifunga kifurushi upya. Saa kumi na moja jioni maandishi yalipanda kwenye kioo chake, yakapita pale yalipokuwa yakikwama, yakaendelea. Alicheka peke yake, akaenda kununua chipsi.

Jumatano alifika saa nne asubuhi. Aliliona tangi kwanza, mfuniko wake uko wazi na ngazi imeegemezwa, kama tangi ambalo watu wameshuka kulikwangua. Mabirika yalikuwa makavu. Dickson alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda.

"Yaliisha lini?" Stumai aliuliza.

"Jana saa sita. Nusu ya ng'ombe walikuwa hawajanywa. Vijana wakawapeleka ziwani kutafuta chemchemi." Alielekeza kidole upande wa ziwa. "Walipoliona ziwa hawakushikika, dada. Waliingia wakanywa yale ya chumvi."

Stumai aliingia kibandani. Kazi yenyewe ilichukua dakika ishirini. Aliingiza kifurushi kipya kwenye ubao, akawasha. Draiva ikaingia, diski ikaonekana, pampu ikanguruma chini ardhini. Maji yalipoanza kupiga sakafu ya tangi tupu, hakuna aliyeshangilia.

Adhuhuri walirudi ng'ombe waliobaki hai. Walitembea kwa kuachana sana, na vijana nyuma yao hawakuwa wakiimba wala kupiga mluzi. Loserian alisimama kwenye birika akiwaita kwa rangi zao na kwa majina ya mama zao. Aliita, akangoja, akaita mwingine. Mara nyingine alingoja muda mrefu kabla ya kuendelea.

Stumai alimwendea. "Mzee, nisamehe. Nilikuuliza, hukuniambia."

"Uliniuliza wangapi," Loserian alisema bila kugeuka. "Ungeniuliza akina nani, tungekaa hapa mpaka jua lizame nikikutajia."

"Ningejua, ningeunganisha waya siku ileile."

"Wewe ulisema yatatosha. Na mimi nilijua wanaokuja kesho yake, nikanyamaza." Akaita jina jingine, akangoja.

Stumai alirudi kibandani. Alifunga swichi ya mkono kando ya kompyuta, ya kuwashia pampu kompyuta ikilala tena, akamwonyesha Dickson jinsi ya kupima kina cha kisima kwa kamba kabla ya kuigusa, akamrudishia somo hilo mara tatu. Dickson hakufanya utani wowote.

Alipotoka, ng'ombe jike mwekundu alikuwa ameanguka, amekufa, hatua chache kutoka kwenye birika lililojaa. Nailantei, mke wa Loserian, alikuwa amemwinamia, kisu mkononi, kanga yake imefungwa kiunoni. Aliinua macho.

"Fundi, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi njoo ushike mguu huu. Vijana wamechoka."

Stumai aliweka begi lake chini, akaushika mguu kwa mikono miwili. Ulikuwa bado una joto. Nailantei akaanza kuchuna.