Kimrija cha Mkunga Basilia

Kwa miaka mitatu Rutilia Temaj alilipwa kuwauliza watu mambo aliyokuwa akiyajua tangu utotoni. Mnapika mara ngapi kwa siku? Kuni za mti gani? Jiko liko ndani au nje? Alizaliwa Tuixcal, juu kabisa ya milima ya San Marcos, kule ambako viazi hustawi na mahindi hujikongoja, na hakukuwa na nyumba hata moja ambayo hakuwahi kula ndani yake. Lakini fomu ni fomu. Aliuliza kwa uso mkavu, na wanawake wakamjibu huku wakimcheka.

"We Rutilia, si ulikula hapa juzi? Jiko hukuliona?"

"Mimi nililiona. Hii karatasi ndiyo haijaliona."

Utafiti ulikuwa wa Daktari Leticia Barrientos, mama mpole kutoka mji mkuu, aliyetaka kujua kina mama wanavuta sumu ya moto wa kuni kiasi gani. Si ule moshi unaochoma macho, maana huo kila mtu anaujua. Aliitafuta ile hewa nyingine inayotoka kwenye makaa, isiyo na rangi wala harufu. Kila mama alibandikwa kifuani kimrija cha kioo, urefu wa kidole, akae nacho siku mbili. Unga wa ndani ulikuwa mweupe. Ukikutana na sumu hiyo hugeuka kahawia, na sumu ikizidi, kahawia nayo hupanda. Amri ilikuwa moja tu: usikivue, ulale nacho na uamke nacho. Rutilia akaitafsiri kwa Kimam, lugha ya watu wa kwao, neno kwa neno, na kwa mkazo.

Vimrija vya Tuixcal viliporudi, tisa vilikuwa kahawia kutoka ncha hadi ncha. Daktari alikishika kimoja, akakiinua dirishani, akatikisa kichwa.

"Hivi vimeharibika. Jiko gani hili? Watu wangekuwa wanazimia."

"Ndiyo, Daktari," alisema Rutilia, akaandika "kimeharibika" mara tisa, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Alijua fika kwamba havikuharibika. Vyote tisa vilivaliwa siku za kuoga, na kuoga Tuixcal ni kuingia chuj, kile kijumba kifupi cha mawe na udongo kilicho nyuma ya kila nyumba. Moto huwashwa humo humo ndani hadi mawe yaive, kisha watu huingia kwa magoti, blanketi likaziba mlango, maji yakamwagwa juu ya mawe, na makaa yakabaki pembeni yakiwaka taratibu. Wale kina mama walivua kila kitu isipokuwa kimrija. Kwa kuwa waliambiwa wasikivue, walikibana kwenye utepe wa nywele wakaingia nacho, uchi wa mnyama na utafiti kichwani. Rutilia aliposimuliwa alicheka hadi akashika mbavu.

Kicheko kilikatika alipofikiria zaidi. Huwezi kumwambia Mmam aache chuj. Afadhali umwambie aache mahindi. Asubuhi za kule barafu hulala juu ya nyasi, na humo ndimo mifupa hupata joto. Humo ndimo aliyejifungua hurudishiwa maziwa yake na nguvu zake, na aliyewarudishia wanawake wote wa Tuixcal kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa Nan Basilia, yaani Mama Basilia, mkunga aliyemzaa Rutilia. Watu wa zahanati walishakuja mara mbili kumwambia kwamba chuj ni uchafu na ushamba, naye aliwasikiliza akiwa amewapa kisogo. Sasa binti yake mwenyewe apeleke habari nyingine kama hiyo?

Lakini Crisanta, mtoto wa pekee wa Rutilia, alikuwa na mimba ya miezi minane. Naye akijifungua angeogeshwa humo siku kumi na mbili, kama wengine. Na Rutilia aliwahi kuwaona wanawake wakitolewa chuj miguu imelegea, wakitapika, huku Nan Basilia akiwapepea kwa majani na kusema, "Baridi hiyo inatoka, iacheni itoke." Maisha yake yote aliliamini neno hilo. Sasa kila akilikumbuka alijiona mwoga na mwongo.

Alipiga moyo konde asubuhi moja, yeye na mama yake wakimenya maharage mabichi uani, akamweleza habari ya vile vimrija tisa. Mama yake alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hiyo daktari wako anataka tuoge maji baridi kama vyura."

"Hajui lolote, mama. Sijamwambia."

"Umemwogopa nani, yeye au mimi?"

"Wewe."

Bibi kizee akacheka, akaridhika.

"Mama, kichwa chako huuma siku gani?"

"Siku za kazi. Kazi gani haiumi? Mkata kuni anaumwa mgongo, wewe unaumwa miguu kwa udaku wako wa kulipwa."

"Na wiki ambayo hakuna aliyejifungua?"

Nan Basilia aliendelea kumenya, lakini maganda yalikuwa yanaangukia kwenye bakuli la maharage.

Utafiti ulikuwa umepima kina mama na majiko yao. Mkunga hakupimwa na yeyote, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kumwandika mtu ambaye kazi yake ni kuingia bafuni na wenzake. Kila mzazi aliingia kwa siku zake akamaliza. Nan Basilia aliingia na wote.

"Mficha uchi hazai," alisema hatimaye. "Nimewaambia wanawake hivyo tangu hujazaliwa. Lete hicho kimrija. Na kingine kitundike pale kwenye mti wa pichi. Vikigeuka vyote viwili, daktari wako ni mwongo na mimi nalala salama."

Sidhani kama Daktari Barrientos mwenyewe angepanga vizuri zaidi.

Nan Basilia aliwasha chuj kama siku zote, akaingia peke yake, kimrija kwenye utepe wa nywele, kwa muda ule ule anaotumia kumwogesha mzazi, Rutilia akikaa mlangoni na kumwita kila mara ili asikie sauti. Alipotoka alijitanda shuka, akaomba vyote viwili awekewe kiganjani. Cha mtini kilikuwa cheupe. Cha kichwani kwake kilikuwa kahawia hadi zaidi ya nusu.

Alikaa chini kwenye gogo.

"Eufemia," alisema.

Rutilia hakuhitaji kuuliza. Eufemia, binti wa Nan Florinda wa ng'ambo ya kijito, alijifungua salama miaka kumi na tisa iliyopita, na siku ya tatu alibebwa kutoka chuj asiamke tena. Moyo wake ulikuwa dhaifu, ndivyo ilivyosemwa, na aliyesema hivyo kwanza alikuwa Nan Basilia mwenyewe. Nan Basilia alilia pale kwenye gogo kwa muda mrefu, na Rutilia akalia naye, kwa huruma na kwa hofu ya lile ambalo lingempata Crisanta.

Crisanta alijifungua mtoto wa kike siku ya Jumatatu. Kufikia hapo bibi yake alikwishafuta machozi na kuja na njia yake. Moto aliuwasha nje, uani, mawe yakaivia huko, kisha yakabebwa ndani kwa sepetu moja moja, bila kaa hata moja kuvuka mlango. Ilikuwa kazi ya punda. Mpini uliungua, Rutilia akachubuka magoti, na Nan Basilia aliyatukana yale mawe matusi ambayo mkunga hapaswi kuyajua.

"Bibi, hili joto ni nusu," alilalamika Crisanta.

"Nusu hiyo hiyo. Oga, nyamaza."

Kimrija cha Crisanta kilitoka kwenye utepe wa nywele cheupe vilevile kama kilivyoingia. Rutilia alikibusu. Kisha akashuka mjini kwa Daktari, akakiri ukweli wa vile vimrija tisa na kumsimulia mawe ya mama yake. Daktari hakumgombeza, aliomba aje ayaone mawe.

"Aje," alisema Nan Basilia. "Ila fomu aziache garini."

Siku ya kumi na mbili, Crisanta alipomaliza kuogeshwa, mkunga alijitanda mtandio wake mpya akamwambia Rutilia amsindikize ng'ambo ya kijito. Nan Florinda alikuwa anachoma tortilla, ile mikate bapa ya mahindi. Akawakaribisha, akawasogezea benchi. Nan Basilia hakukaa.

"Florinda, haukuwa moyo wake. Ulikuwa moto wangu. Makaa yana sumu isiyoonekana, na mimi ndiye niliyemfungia nayo. Nimekuja uniambie unalotaka kuniambia."

Tortilla iliungua upande mmoja na hakuna aliyeigeuza. Rutilia alimshika mama yake mkono, akingoja matusi, na aliona ni haki yatoke.

"Moyo wake ulikuwa mzima?" aliuliza Nan Florinda.

"Ulikuwa mzima."

"Miaka kumi na tisa," alisema yule mama, "nimekuwa nikijiuliza nilikula nini, nilibeba mzigo gani, hata nikamzaa mwanangu na moyo mbovu."