Ubani wa bi mkubwa ulivyomuumbua fundi wetu wa bati, Mlandege

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Najua humu kila uzi wa mafundi mnauita chai. Huu nimeuleta kama ulivyotokea, na jirani aliyeshuhudia yupo hai, anaongea kuliko mimi.

Bi mkubwa wangu, mama mzazi, ana nyumba Mlandege, kule nyuma ya maduka. Vyumba vitatu, aliachiwa na marehemu mzee. Bati lilikuwa limeliwa na kutu mpaka ukikaa sebuleni unaona mawingu. Tukakubaliana ahamie kwangu Michenzani kwa muda, nyumba iezekwe upya.

Sasa wanaozijua zile flats za Michenzani wanazijua ngazi zake. Mimi nipo juu, na bi mkubwa ana magoti mabovu. Akishapanda ndio kapanda, kushuka mpaka iwepo harusi au msiba.

Halalamiki hata siku moja. Ila jioni unamkuta kakaa dirishani anaangalia upande wa Mlandege. Roho ilikuwa inaniuma sana. Nilitaka arudi kwake kabla ya masika, basi.

Nikapata contractor, tumwite Fundi Haji. Maneno matamu, na simu anapokea mlio wa kwanza (hapa ndipo ningepaswa kushtuka).

Tulikubaliana bati mpya, kila bati lilalie mwenzake kwa migongo miwili, yale mawimbi ya bati, na kofia ya juu kabisa, pale pande mbili za paa zinapokutana, iwekewe raba kwa chini ili maji yasipenye.

"Wewe kaka lala usingizi," akaniambia.

Nikalala kweli. Kazi zangu za bandarini, naingia asubuhi natoka magharibi, kwa hiyo site nilikuwa naiona WhatsApp. Wakuu, zile picha zilikuwa nzuri kuliko nyumba yenyewe.

Siku ya kumaliza nakuta bati kadhaa mpya zimeegeshwa ukutani, na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimeshapaki tayari kuzibeba.

"Hizi zimezidi, kaka. Nakuondolea uchafu."

Nikamwambia uchafu wangu niachie. Uso ukambadilika kidogo.

Nikaanza kujiuliza, vipimo tulipima wote, sasa zimezidije? Nikamuuliza. Akacheka. "Subiri mvua, kaka, ndio utaniamini."

Na wiki ile ile alikuwa anakwenda kuanza kazi ya hoteli Nungwi. Nikajua akishafika kule, ule utamu wa simu ndio mwisho. Lakini nitamshika kwa lipi? Nimesimama chini naangalia juu, naona bati linameta tu. Dari tulikuwa hatujapiga bado, na hata tundu moja la mwanga sikuliona.

Bi mkubwa yeye hayo hayamhusu. Alisema haingizi hata mto ndani ya nyumba ile mpaka aifukize ubani na isomwe dua. Na akataka fundi aitwe.

Nikamwambia, mama, huyu mtu simuelewi.

"Mtu kafanya kazi nyumbani kwangu, asile? Mwite."

Nikamwita. Akaja na kanzu imenyooka, akakaa barazani anasubiri pilau.

Bi mkubwa mkono wake wa ubani si wa kubania. Vyetezo vitatu, kila chumba kimoja, madirisha yote kafunga, "uingie kila pembe." Mkaa nao ulikuwa mbichi kidogo. Ndani huoni mtu.

Mara tukasikia sauti kutoka juu. Bi Asha, jirani yetu, ghorofa yake inatazama paa letu.

"Moto! Jamani moto! Nyumba ya Bi Mwanakhamis inaungua!"

Mlandege mnaijua. Hata pumzi sijavuta, watu wamejaa na ndoo. Mmoja kabeba dumu la maji ya kunywa la dukani. Bi mkubwa akatoka na chetezo mkononi, kakasirika kweli.

"Moto wa nini? Nnafukiza nyumba yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Lakini Bi Asha hakucheka.

"Kama unafukiza, mbona moshi wote nnauona huku juu? Njooni muone!"

Nikapanda kwake mbio, fundi nyuma yangu na kanzu yake.

Wakuu, sijawahi kuona kitu kama kile. Moshi unatoka kwenye paa kwa mistari, imenyooka kabisa. Kila bati linapokutana na mwenzake, mstari. Na juu kwenye kofia unatoka kwa wingi, kama chungu kimeachwa wazi. Alilaza kwa mgongo mmoja tu, na raba hakuweka kabisa. Ndio maana bati zilizidi.

Fundi akajikohoza. "Bati jipya hili. Likipata jua litakaa."

Bi Asha akamgeukia. "Moshi unapita hivi, fundi, mvua itaomba ruhusa?"

Hasira zilinipanda, nilitamani nimshike ile kanzu. Nimeshuka naye chini, nusu mtaa umesimama na ndoo unamwangalia. Bi mkubwa akampa sahani yake ya pilau, imejaa, na nyama juu.

"Kula, baba. Ukishiba upande."

Yule mtu alikula ameinama mpaka akamaliza.

Nungwi ilisubiri. Kesho yake alianza kulifungua paa, na zile zilizozidi zote zikarudi juu ya paa. Bi Asha alihamishia kiti dirishani, akawa engineer. "Fundi! Hapo hujalalisha!" Maskini, alirudia sehemu nyingine mara mbili.

Alipomaliza alimwendea bi mkubwa mwenyewe. "Mama, nshamaliza. Fukiza tena."

Safari hii paa likawa kimya, moshi haukupata pa kutokea. Tuliokuwa ndani tulitoka machozi yanatutiririka, na fundi anacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya moshi. Tukaagana vizuri tu, na bi mkubwa akarudi kwake.

Somo nililopata: mafundi wengi wanajua kazi, wanachopima ni kama wewe utajua. Kagua kabla dari haijapigwa, na bati zikizidi uliza kwa nini kabla fundi hajaondoka.

Masika ilipoanza, ilikuwa mchana. Mvua kubwa kweli kweli. Nikaomba ruhusa kazini, nikakimbia mpaka Mlandege, nimelowa chapachapa, nikaingia moja kwa moja chumbani naangalia juu.

Bi mkubwa kakaa kitandani kwake, miguu kaikunja, anachambua mchele. Akanitazama, akaitazama sakafu.

"Tone la maji halijaingia humu tangu mvua ianze, mpaka ulipoingia wewe. Chukua tambara ufute."

Nikafuta wakuu, huku nacheka peke yangu.

Haya, nanyi mlimnasaje wa kwenu? Mwageni hapa.