Vijiko vya Mpishi Mstaafu

Kila jioni mpishi mstaafu wa mtaa wa Bilele aliketi jikoni na kopo la majivu ya maganda ya ndizi, akisugua vijiko vya fedha alivyokusanya kimoja kimoja kwa Wazungu waliofunga virago baada ya Uhuru. Alikipumulia kijiko, akakipangusa kwa pindo la shati, kisha ukucha wa kidole gumba ukatafuta mgongoni kijisimba, alama ya fedha halisi, kilichogongwa na mafundi wa kale. Akikigusa, huguna kama mtu aliyeitikiwa salamu. Lakini tangu Azimio la ujamaa, neno bepari lilipozagaa mtaani, kila hodi ilimkausha mate. Akavitundika vijiko juu ya moshi wa mafiga mpaka vikawa vyeusi. “Ni bati tu,” alimnong’oneza binti yake Kemilembe, ingawa walikuwa wawili tu.

Asubuhi moja balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza nani mtaani ana mali ya anasa, Kemilembe alimpa uji na kijiko kimojawapo. Balozi akacheka. “Mzee, vyombo vyako vimechakaa kama vyangu.” Kemilembe akashusha pumzi. Baba yake, lakini, alikuwa ameona masizi kwenye mdomo wa mgeni, na aibu ya mpishi ikamshika.

“Lete nikupangusie.”

“Tata, niachie mimi nikioshe!” Kemilembe akamsihi baba yake.

Mkono wa mzee ulishafika. Akakipumulia, akakisugua kwa pindo la shati taratibu, ukucha ukamtafuta simba. Akaguna. Alipoinua macho, balozi alikuwa ameinama, anajitazama ndani ya kijiko.